Ni Halali, Lakini Yeye Hawezi Kuila



Ndugu yangu, Idi inakaribia na najua unga umeshaanza kuuweka ndani. Kabla hujafungua mfuko, nisikilize kidogo. Leo sizungumzii haramu. Nazungumzia halali ambayo mtu mmoja nyumbani mwako hawezi kuila.

Mtoto wa dada yangu ana miaka 9 na ana ugonjwa uitwao seliaki. Ngano ikiingia tumboni mwake, hata kidogo, mwili wake wenyewe unaushambulia utumbo. Kabla haujajulikana, tumbo lilikuwa limejaa, anaharisha, na hakui kama wenzake. Hakuna kidonge cha kuuondoa. Tiba yake ni kuacha ngano, shayiri na rai maisha yake yote.

Sasa sikia anayoambiwa mama yake akienda naye kwa watu: "Mpe kisheti kimoja tu, aseme Bismillah, hakitamdhuru." Subhanallah! Mtume (S.A.W) aliyetufundisha Bismillah ndiye huyo huyo aliyetuhimiza kujitibu. Na siku aliyowekewa nyama ya dhabb, yule mnyama wa jangwani, aliiacha kwa sababu tu watu wa kwao hawakuwa na mazoea nayo. Khalid bin Walid akaila pale pale mbele yake. Hakuna aliyelazimishwa na hakuna aliyelaumiwa. Ikiwa chakula halali kinaachwa kwa kutokuzoeleka tu, vipi anayekiacha kwa ugonjwa umwite mwenye kudeka?

Na sisi masheikh tunaohimiza talbina tuwe waangalifu. Talbina ni uji wa shayiri. Kwa mgonjwa huyu shayiri ni kama ngano, basi tusimsukumie mtu bakuli kwa jina la sunna bila kumuuliza hali yake.

Tuingie jikoni. Dada yangu, usianze kwa kutafuta unga wa kuweka badala ya ngano. Anza kwa kujiuliza ngano inafanya kazi gani kwenye chakula hicho. Kwenye kaimati, ngano inavutika na kuishika hewa ya hamira, ndiyo maana zinavimba. Unga wa mchele hauvutiki hivyo. Ukilazimisha utapata vikokoto vyenye shira. Ziache, upike vitumbua, ambavyo bibi zetu walivipika kwa mchele na tui la nazi kabla hatujalisikia jina la ugonjwa huu. Wapo wanaotia kijiko cha ngano ili vishikane. Wewe badala yake saga mchele wako pamoja na kijiko kimoja viwili vya wali uliokwishaiva, vitashikana. Mkate wa kumimina nao ni hivyo hivyo, mchele, tui, hamira na mayai.

Sambusa? Manda ni ngano, hakuna ujanja. Pika kachori za viazi na uzichovye kwenye unga wa dengu. Bokoboko ni ngano tupu, lakini ndugu zetu wa Oman wana arsiya, wali na nyama vinavyopikwa mpaka vikalainika kisha vikapondwa, na wao huipika sikukuu. Unaipeleka mezani bila kuomba radhi. Haluwa uliza kwanza wanga wake ni wa nini. Wa mahindi au wa muhogo hauna neno, wa ngano mwache. Na sosi ya soya unayolowekea mishkaki soma maandishi yake, nyingi zina ngano ndani.

Halafu karai. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Bajia zako ni dengu safi, lakini umezikaanga kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga kaimati. Umempa ngano bila kujua. Mwiko, kinu na chujio la unga ni hivyo hivyo. Kama huna vya ziada, chakula chake kitangulie kupikwa, na mafuta yawe mapya.

Dada yangu alikuwa akimbebea mwanawe kibakuli chenye mfuniko kila tunapoalikwa. Mtoto anakaa pembeni ya sinia anakula peke yake. Idi iliyopita mama yetu alikataa. Akasema mwaka huu sinia nzima itakuwa ya chakula anachokula mjukuu wake, na anayetaka kaimati akazile kwake. Wajomba tulinung'unika, wallahi, kisha tukala vitumbua mpaka vikaisha. Mtoto aliuliza mara tatu, "Bibi, na hiki naweza?" Mara ya nne hakuuliza.

Mwaka huu mama ameniagiza karai jipya, na anataka mpini wake upakwe rangi nyekundu ili mtu asije akalikosea. Nalifuata kesho baada ya Alasiri, inshallah.

Wabillahi tawfiq.