Kipupwe katika Nchi ya Uha

Mvua zikwishapo, nchi ya juu ya Kasulu na Kibondo hubadilika. Majani hukauka, vumbi hutimka njiani, na usiku baridi hushuka toka vilimani hata mtu atamani blanketi ya pili. Ndipo watu hufunga mlango mapema, wakaota moto pamoja, wazee kwa watoto. Siku chache baadaye vikohozi husikika, na wenyeji husema, "Ni baridi hiyo."

Lakini baridi husingiziwa. Baridi haizai surua wala kifaduro. Magonjwa hayo huletwa na vijidudu vitokavyo kwa mgonjwa akohoapo. Kosa la baridi ni kuwakusanya watu katika chumba kimoja kisichopitisha hewa. Surua ikiingia humo, kati ya watu 10 wasio na kinga, 9 huweza kuipata.

Basi yafaa chanjo itangulie kipupwe. Mtoto mchanga huchanjwa kifua kikuu. Afikapo majuma 6, na 10, na 14, hupewa kinga ya dondakoo, pepopunda na kifaduro; na tangu mwaka 2013 kinga ya kichomi, yaani nimonia, pia. Surua huchanjwa akiwa na miezi 9, kisha tena miezi 18.

Hii ya mwisho ndiyo isahauliwayo sana. Katika kijiji kimoja kilicho mbali na barabara, mama alikuwa akijitayarisha kwenda zahanati, na maharage yake yangali uani, hayajapurwa. Mkwewe akamwambia, "Mwanangu, mtoto huyu anafukuza kuku mchana kutwa. Mzima hupelekwa kwa mwuguzi?"

Mama akajibu kwa adabu, "Mama, tuliambiwa chanjo ya kwanza haiwashiki wote. Kati ya watoto 100, yapata 15 hubaki bila kinga, wala hakuna awajuaye kwa kuwatazama."

Mkwewe akanyamaza. Kazi ya maharage si ndogo, na njia ilikuwa ya saa nyingi.

Wala mwuguzi naye hakai bure. Dawa zake hazina budi kukaa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, tangu bohari hata kijijini, katika sanduku lenye barafu. Baridi ile ile ichukiwayo na watu ndiyo uhai wa dawa. Ila ikizidi hata dawa ya pepopunda ikaganda, haifai tena. Septemba 2023 wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba mkoani Kigoma na katika mikoa mingine mitano, wakiwapa watoto matone ya polio, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umeonekana Rukwa. Hawakungoja ufike Kigoma.

Jioni ile, moto ulipowaka, mjukuu mkubwa alimshika bibi yake mkono, akagusa kovu la mviringo. "Bibi, ni nini hiki?"

"Ni chanjo ya ndui."

"Ndui ni nini?"

Bibi akamtazama. Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida aliugua Somalia mwaka 1977, na mwaka 1980 ulimwengu ukatangaziwa kwamba imetoweka. Mtoto huyu angeijuaje? Bibi akaeleza kidogo habari za nyuso zilizojaa malengelenge, na za vipofu. Kisha akainuka, akaitafuta kadi ya mtoto kikapuni, akaiweka juu ya kitenge cha mkwewe.

"Nenda alfajiri," akasema. "Maharage nitayapura mimi."