Kishindo Kimeisha

Mimi ni mkata miti wa Mugutha, na ushuhuda wangu unaanzia mfukoni. Zamani nilikuwa namlipa mwenye mti. Siku hizi mwenye mti ananilipa mimi.

Nilipoingia kazi hii, sehemu kubwa ya huku kati ya Ruiru na Thika ilikuwa kahawa. Mibariti ilipandwa ndani ya mashamba itoe kivuli, mikaratusi ikasimama mipakani na kando ya mito. Mkaratusi si mwenyeji. Uliletwa kutoka Australia mwanzoni mwa karne iliyopita, reli ilipotaka kuni za kuendeshea treni. Sisi tulikuja na msumeno wa injini, kamba na vijana wa kuvuta. Nachonga mdomo upande ninaotaka mti ulale, naingia kwa nyuma, mtu anapiga ukelele, mti unalala katikati ya shamba. Magogo mengine yalikwenda kuwa kuni za viwanda vya majani chai, mengine yakapasuliwa mbao. Mwenye shamba anahesabu noti zake, nami najua faida yangu.

Kisha barabara kuu ya Thika ikakamilika 2012, na kahawa ikawa ploti za futi hamsini kwa mia. Mti uliokuwa na ekari nzima ya kuangukia sasa una fleti upande huu, mabati ya jirani upande ule, nyaya za stima mbele na tangi la maji nyuma. Utaulaza wapi?

Wengi hujibu swali hilo kwa kuukata mti kichwa. Mimi siipendi kazi hiyo na huwa nasema wazi. Mkaratusi hauchoki kuchipua, lakini machipukizi yake hushikilia karibu na ganda, si ndani kwenye moyo wa mti. Yanarefuka upesi, yanakuwa mazito, na msimu wa upepo yanachanika. Mwenye nyumba amelipa kuondoa hatari moja, akajipandishia nyingine juu ya paa lake mwenyewe.

Jibu langu mimi ni kreni. Nilikutana nayo nilipoitwa kama mpandaji tu. Opereta alikuwa mzee mpole. Kabla sijafunga mkanda akaniuliza, "Kijana, gogo la kwanza lina kilo ngapi?" Nilijua miti kwa futi na kwa bei. Kwa kilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Akaniketisha kwenye ngazi ya kebini, akanionyesha jedwali lililobandikwa karibu na kiti chake. Mkaratusi mbichi, mita moja ya ujazo hukaribia tani nzima. Gogo la mita 3 lenye kipenyo cha sentimita 60 ni kama kilo 850. Na kreni ya tani 25 hubeba tani 25 ikiwa mzigo uko karibu nayo kabisa. Ikinyoosha mkono mita 20 kuvuka paa la mtu, inabaki na sehemu ndogo tu ya nguvu hiyo. Tangu siku hiyo siwezi kuutazama mti bila kuugawa vipande kichwani, hata nikiwa ndani ya matatu.

Watu hudhani hatari yote iko juu. Huku kwetu ploti nyingi hazina mabomba ya maji taka, kila mmoja ana shimo lake la choo, na mguu wa kreni ukitua juu ya shimo hilo mtambo wote unaweza kupinduka. Kwa hiyo swali letu la kwanza kwa mwenye nyumba ni la choo. Ndipo tunapanga mbao nene chini ya miguu, tunahakikisha Kenya Power wamezima laini, na mimi napanda.

Juu naufunga mkanda wa kuinulia sehemu ya juu ya kipande, nateremka chini ya mahali nitakapokata, najifunga upya kwenye shina kwa kamba mbili. Nazungusha kidole hewani. Opereta anakaza polepole. Hapo ndipo kazi ilipo. Akikaza kidogo mno, kipande kinakalia msumeno na kuubana. Akikaza kupita kiasi, nyuzi za mwisho zikikatika kinaruka juu kwa ghafla. Akikaza sawasawa, mkato unafunguka upana wa kidole, gogo linajitenga bila hata kutikisa shina nililoshikilia, linapita juu ya mabati na kutua barabarani.

Zamani sifa yangu ilikuwa kishindo. Watoto walitoka shule kuja kukisikia. Nilikuwa mtu wa kufoka, kazini na nyumbani pia. Kwa kreni huwezi kufoka, maana anayeniona ni mmoja na anafuata mkono wangu tu. Mama watoto ndiye aliyegundua kwamba nimeanza kuongea taratibu mezani.

Sikubali kila kazi. Mti wenye nafasi naulaza kwa njia ya zamani, kreni ni ghali bure. Mugumo, mti mtakatifu kwa Wakikuyu, siugusi bila wazee kusema neno. Hata serikali, mwaka 2020, ilisalimu amri kwa ule wa Waiyaki Way, Nairobi, rais alipoagiza uachwe kando ya barabara ya juu iliyokuwa ikijengwa.

Majuzi tulishusha mkaratusi wa shosho mmoja, ulioinamia vyumba vyake vya kupangisha. Guka ndiye aliyeupanda. Shosho alikaa kwenye kiti cha plastiki asubuhi yote, akihesabu kila kipande kinachotua. Tulipomaliza nikamwambia, "Shosho, tutabeba magogo, tukupunguzie bei." Akainuka. "Kupunguza ni lazima, mwanangu, na magogo yanabaki. Jiko langu ni la kuni." Tulibishana mpaka saa kumi. Magogo yalibaki, na bei ikapungua.