Kwanza, Ulimsalimu?

Tanga, Mei 2025

Kwa mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi hapa hatujambo. Mama yako miguu inamsumbua, mdogo wako amepangiwa kazi Korogwe na analalamika, na bibi yako kila Ijumaa anauliza kama huko Barbados kuna nazi. Nimemwambia zipo. Ingekuwa ni hayo tu nisingetafuta kalamu, ningekutumia sauti kwenye simu kama mlivyozoea ninyi.

Nimetafuta kalamu kwa sababu ya ile video.

Sikuitafuta. Tulikuwa barazani baada ya swala, kijana wa jirani anacheka na simu yake, nikamuuliza kulikoni, naye akanionyesha akidhani nitafurahi kukuona. Nikakuona. Uko dukani, miwani ya jua umeipandisha kichwani, unatua mkate na maziwa juu ya kaunta, na neno lako la kwanza kwa yule mama ni bei. Anakutazama. Hajibu upesi. Anapanga sarafu kwenye droo, anaifunga, ndipo anataja bei huku anaangalia mlangoni. Wewe unageuza simu upande wako na kusema kwa Kiswahili kwamba watu wa hapa wazito, wana viburi, na kununua mkate kwao kunapandisha presha. Dar wamecheka. Nasikia imefika Mombasa, nako wamecheka.

Nimeirudia, mwanangu, sauti nimeipandisha mpaka mwisho. Sikusikia salamu.

Wewe uliyelelewa Ngamiani! Ulikuwa ukitumwa chumvi unachelewa kurudi, maana kila kibaraza una shikamoo ya kuitoa. Nani kakufundisha kuingia dukani kama askari wa doria? Najua utaniambia kwamba ugenini watu hawasalimiani, kila mtu na hamsini zake. Hiyo ni London, nami London nimefika. Barbados si hivyo. Kule mtu akiingia dukani, kwa daktari, ofisini, hata ndani ya basi lenye watu asiowajua, anaanza na "good morning" kwa wote waliomo, na waliomo wanaitika. Jioni usishangae mtu akifika na "good night", hakuagi, anakusalimu. Asiyesalimu hawamhesabu kuwa ana haraka. Wanamhesabu kuwa amewaona wao si watu.

Nami nina fikra yangu kuhusu sababu, uichukue kuwa ni ya kwangu, si ya kitabu. Waingereza walihamia kisiwa kile 1627, wakapanda miwa, wakaleta watu wetu wa Afrika kuilima, na utumwa haukwisha mpaka 1834, tena kwa maneno tu, kwa sababu waliachiwa kweli 1838. Hata hapo ardhi ilibaki ya bwana. Ndiyo maana zile nyumba zao ndogo za mbao unazopenda kuzipiga picha zimekalia mawe bila msingi: mwenye shamba akikufukuza, unaibomoa ubao kwa ubao na kuipakia kwenye mkokoteni. Watu walioamrishwa vizazi na vizazi bila kuambiwa hata habari za asubuhi, wewe unawatajia bei.

Nikueleze habari ya mwenzangu mmoja wa Mombasa. Hapa nyumbani sijawahi kuimaliza, maana kila nikianza mtu ananiuliza kuhusu minazi.

Unajua kwamba meli yetu ilishikwa Bridgetown miaka ile ya themanini. Mwenye meli alikuwa na madeni bandari hii na ile, mahakama ikaizuia, naye akatutelekeza. Mishahara hakuna, mafuta ya jenereta yakaisha, chakula kikawa mchele na vitunguu. Tuliobaki tukaruhusiwa kushuka tujitafutie pa kulala. Mwenzangu alikuwa fundi umeme, kijana hodari, mcheshi kupindukia, na alikuwa na kipaji cha kuigiza sauti. Muda si mrefu alishaikamata lafudhi yao, ile ya kukata maneno na kumeza ncha, jioni akatuigizia tukacheka mpaka machozi. Hapo hapana neno. Neno lilikuja sokoni. Alifika kwa mama mmoja muuza samaki, akaanza kuwageuzageuza samaki wake wa panzi bila hata kumwamkia, mama akamkemea. Basi naye akasimama mbele ya watu, mikono kiunoni, akamrudishia maneno yake yale yale kwa sauti yake ile ile. Mabaharia wakacheka. Wenyeji walikaa kimya, na mama akaendelea kupara samaki.

Hakupigwa wala hakutukanwa. Ila kuanzia siku ile alijibiwa, unanielewa? Alijibiwa tu. Akinunua kitu anapewa chenji yake kamili. Akiuliza njia anaonyeshwa. Akiingia kwenye duka la ramu wanapocheza dhumna, ile meza iliyokuwa ikigongwa kete mpaka glasi zinaruka inatulia, wanamaliza mchezo kwa adabu, kisha mmoja mmoja anakumbuka ana kazi nyumbani. Alidhani ni bahati mbaya. Hakujua kwamba muuza samaki ni shangazi wa karani wa bandarini, karani kaoa kwao dereva wa basi letu, na dereva anaimba kanisani pamoja na mama mwenye nyumba yangu. Kisiwa kizima ni kilomita za mraba 430, hakifiki hata theluthi ya Unguja, na watu wake hawatimii laki tatu. Utani wa asubuhi Bridgetown, jioni uko Saint Lucy, mwisho wa kisiwa.

Alipougua homa alilala chumbani peke yake Jumamosi mpaka Jumatatu, hakuna aliyebisha hodi. Na mtaa ni ule ule ambao mimi nikikohoa usiku, asubuhi naulizwa nimekunywa dawa gani. Akaondoka akisema watu wa Barbados wana roho ngumu. Nasikia mpaka leo anasimulia hivyo.

Mimi sikuwa msomi kumshinda. Kiingereza changu kilikuwa cha injini na spana. Lakini kila asubuhi nikishuka kuelekea bandarini nilisalimu kibaraza kwa kibaraza, na jioni nikirudi hivyo hivyo. Hayo tu. Kwenye duka la ramu nilikuwa nikiagiza mauby, kinywaji chao cha magome ya mti, kichungu, kinazoeleka, nikakaa nao kwenye dhumna na wala hakuna aliyenishurutisha kunywa jingine. Mama mwenye nyumba alikuwa mjane, mkali, mtu wa kanisa. Jumamosi kule ni siku ya nguruwe: wanapika viazi vitamu ndani ya utumbo wake, na nyama wanaitia ndimu na pilipili. Jumamosi ya kwanza nilikataa kwa adabu. Jumamosi ya pili nikakuta sahani yangu kando, imefunikwa kwa sahani nyingine: samaki wa chumvi na shelisheli la kuchoma, na kisu kipya kando yake, karatasi ya dukani bado imekigandia mpini. Hakuniuliza chochote kuhusu dini yangu. Aliona kwamba kisu cha nguruwe hakinifai, akaenda kununua kingine, basi.

Kisha akaniingiza kwenye upatu. Kule wanauita meeting turn: kila wiki mnatoa kiasi kilekile, mmoja anachukua mkusanyo wote, na hakuna karatasi wala dhamana. Mtu wa meli, asiye na anwani, apewe upatu! Mimi ningekuwa mama wa upatu nisingejipa. Wakanitangulizia zamu yangu, kwa kuwa walijua ninatafuta nauli. Ningeweza kupanda ndege wiki ileile na wasinipate maisha. Nilibaki. Fedha ya nauli ikalala chini ya godoro, mimi nikatengeneza injini za boti za wavuvi kwa ujira mdogo, nikalipa wiki kwa wiki mpaka mama wa mwisho aliyekuwa nyuma yangu akapata chake. Ndipo nikaaga.

Hiyo ndiyo sababu ya kuchelewa kwangu. Hapa wakaambiana nimelowea, nimeoa, nimezama. Marehemu baba yako, Mungu amrehemu, akauza minazi yangu ya Pangani kwa kudhani sirudi, na niliporudi hakuna aliyeniuliza nilikuwa nangoja nini. Simsemi marehemu. Nasema minazi ile ilikuwa inazaa.

Ninyi mmekwenda kwa njia nyepesi kuliko yangu, namshukuru Mungu. Kile kibali cha miezi 12 walichokianzisha 2020 wakati wa korona, kwa wanaofanya kazi kwa kompyuta na mwajiri yuko nchi nyingine, kinamtaka mtu awe na kipato cha dola 50,000 za Marekani kwa mwaka. Mumeo anazo, hongera yake. Lakini jitazame kwa macho ya yule mama wa dukani. Dola mbili zake ndiyo moja yenu, imekuwa hivyo tangu 1975. Chakula kingi kinaingia kwa meli na bei yake unaijua, maana ndiyo uliyoitaja mwanzo. Anawaona wageni wanapanga nyumba za pwani ya magharibi ambazo mwanawe hazigusi, wanakula wenyewe kwa wenyewe Holetown, wanapiga picha machweo, mwaka ukiisha wanafunga mizigo. Sasa amepata na mwingine, mweusi mwenzake, ambaye labda alitarajia kwake afadhali, naye kamrekodi uso bila ruhusa na kumfanya kichekesho. Usiniambie ulisema Kiswahili. Chini uliandika Kiingereza kwa ajili ya rafiki zako, na vijana wa kule wana simu kama ninyi.

Kabla yenu walifika Wahindi wa Gujarat, Waislamu wenzetu, katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita. Hawakuwa na kibali cha maana wala dola. Walibeba vitambaa begani, wakauza mlango kwa mlango kwa mkopo na kurudi kila wiki kukusanya kidogo kidogo. Hebu niambie, muuzaji wa namna hiyo akipita mlangoni bila kusalimu atakusanya nini? Leo wana maduka mjini, na kwenye msikiti wa Kensington New Road nimesali. Idd ya kuchinja ikifika nendeni huko, msijifungie ndani mkasema hamna ndugu.

Mengine ni machache. Suruali ya mabaka ya kijeshi aliyovaa mumeo kwenye picha ya uwanja wa ndege irudi sandukuni. Sheria ya kule inawakataza raia, hata mtoto mdogo. Ufukweni kuna mti unaitwa manchineel, una vitunda vya kijani mfano wa tufaha. Usile tunda lake, wala usijikinge mvua chini yake, maji yake yanababua ngozi. Mingi wameizungushia rangi nyekundu, ile rangi si pambo. Vile vigari vyeupe vyenye mstari wa damu ya mzee, ZR, vinakwenda mbio na muziki wake kama daladala za kwetu: pandeni, acheni kukodi gari la kwenda kila mahali. Kuleni cou-cou na samaki panzi; cou-cou ni sima iliyosongwa na bamia, bibi yako akiionja ataomba mwiko.

Na Juni inaingia. Msimu wa vimbunga kule ni Juni mpaka Novemba. Niliwahi kusikia wazee wakihadithia kimbunga Janet cha 1955 kama cha jana. Baadaye miaka zaidi ya 60 ikapita kisiwa hakikupigwa kimbunga kamili, watu wakazoea, mpaka Elsa alipofika Julai 2021 na kung'oa mapaa. Julai 2024 Beryl alipita kusini tu, hakutia hata mguu nchi kavu, na bado akavunjavunja boti za wavuvi. Serikali inatoa tahadhari redioni, hilo wanalifanya vizuri. Lakini upepo ukianza, anayekuja kukuambia paa lako halikufungwa vizuri, njooni kwangu kuna ukuta wa mawe, ni jirani. Jirani yako ni nani? Nilikuuliza mara ya mwisho tulipoongea, ukanitajia Mjerumani na mkewe.

Kwa hiyo fanya hivi. Video iondoe leo, si kesho, na waliokuwa nayo waombe waifute. Kisha nenda pale dukani wakati hapana watu wengi. Ingia, sema "good morning", nyamaza mpaka uitikiwe. Asipoitika, nunua mkate wako, shukuru, toka, urudi siku ya pili uamkie tena. Usimpelekee zawadi, ataona unamnunua. Siku atakayokuitika ndipo umwambie la moyoni, kwa ufupi, na mtoto wa Tanga hahitaji kufundishwa namna ya kumwomba radhi mtu mzima.

Pengine kule Black Rock, nilikopanga, bado yupo mtu anayekumbuka kwamba aliwahi kupita Mtanga mmoja akalipa upatu mpaka mwisho. Sitaki akuulize kama mna undugu na wewe ukaona haya kujibu.

Nangoja kusikia kwamba imeondolewa. Usiponijibu mpaka Idd, nitampigia mumeo.

Wasalaam,
Baba yako mkubwa