Triga Nyepesi Iliniponza, Mtoto wa Watu Akalaumiwa

Leo sina umbea wa mtu, leo najiumbua mwenyewe. Wengine watakaotokea humu majina yao kapuni, msihangaike kuwatafuta.

Mnamkumbuka yule baba wa Uturuki kwenye Olimpiki ya Paris 2024? Fulana, miwani ya kawaida, mkono mmoja mfukoni, akaondoka na medali ya fedha kama mtu aliyetoka kununua mkate. Mtandao mzima ulichizika. Mimi nilimwangalia nikiwa Bavaria, Ujerumani, nimetoka Tanga na cheti changu cha form four na Kijerumani cha kuungaunga, nalea watoto wa familia moja kwa mkataba wa mwaka mmoja.

Kule vijijini klabu za kulenga shabaha ziko nyingi kama timu za mpira za mtaani kwetu. Baba mwenyeji wangu ni mwanachama, na kila Jumatano jioni alikuwa akimpeleka binti yake wa miaka 12. Mimi naenda kwa sababu mtoto ni jukumu langu. Siku moja kocha, babu wa miaka sabini na ushee, akanikabidhi bunduki ya upepo. Risasi ya kwanza sijui ilikwenda wapi. Ya kumi ilipiga 9. Nikanasa.

Nilipomtumia mama picha WhatsApp akanijibu: "Mwanangu, umeenda kulea au umeenda jeshini?" Nikampigia. "Shikamoo mama, ni mchezo tu." Akaitikia marahaba kwa ile sauti ya mtu ambaye hajaridhika.

Sasa niwaeleze, maana wengi mnaijua bunduki kwa muvi tu. Unasimama mita 10 kutoka kwenye shabaha. Kirisasi kina upana wa milimita 4.5. Ile 10 katikati ni kidoti cha nusu milimita, kidogo kuliko nukta unayoweka kwa kalamu ya wino. Bunduki ina urefu wa kama mita moja, kwa hiyo mdomo wa mtutu ukicheza milimita moja tu, kule kwenye shabaha umehama karibu milimita 10. Hizo ni duara nne. Ulikuwa unapata 10, umepata 6.

Ndipo inapoingia triga. Triga ina uzito, yani nguvu ambayo kidole lazima kitoe ndipo bunduki ifyatuke, na uzito huo unapimwa kwa gramu. Ikiwa nzito, kidole kikivuta mkono mzima unabana pamoja nacho na mtutu unahama. Kwa bastola za upepo, kama ile ya yule baba wa Uturuki, sheria inasema isipungue gramu 500. Ila kwa bunduki ndefu za upepo za mita 10 hakuna kiwango cha chini. Unaweka unavyotaka. Hapo ndipo nilipoponzwa.

Kulikuwa na kijana wa klabu ya jirani, staa wa wilaya nzima, wafuasi kibao. Alikuwa na klipu moja akiringia triga yake: gramu 60. Uzito wa yai moja la kuku wa kisasa! Halafu alikuwa ameondoa hatua ya kwanza. Triga za mashindano kwa kawaida zina hatua mbili. Kidole kinabana kwanza hadi kinagusa kama ukuta, kinapumzika pale, halafu ukiongeza kidogo ndipo inafyatuka. Kwake hakuna ukuta. Unagusa, imetoka.

Bunduki ya klabu tuliyokuwa tunatumia mimi na binti ilikuwa gramu 150, hatua mbili. Nikaanza kuiona ya kizee. Mashindano ya vijiji yalikuwa yanakaribia, na mimi, Mwafrika pekee mle ukumbini, nilitaka watu wakae kimya nikipiga. Jumatano moja nikawahi, nikachukua kijifunguo cha skrubu kabatini. Kocha alikuwa ameshasema triga haiguswi na mtu ila yeye. Nikageuza skrubu kama nilivyoona kwenye klipu, nikapima kwa kale kamizani ka kuvuta: gramu 60. Nikapiga risasi 20. Tatu zilikuwa 10 safi, mzuka ukapanda, na zile zilizotoka kabla sijajiandaa nikajiambia ni mazoea tu. Nikaweka bunduki mezani, nikaenda kununua soda.

Sikumwambia mtu.

Aliyefuata kushika ile bunduki ni binti. Akapakia, akainua, akaweka kidole kwenye triga kama alivyofundishwa, kipumzike kwenye ukuta wakati anatulia. Ukuta haukuwepo. Bunduki ikalia akiwa bado anaishusha kutoka juu, kirisasi kikagonga ubao juu ya shabaha, kikaacha kitundu. Mtutu ulikuwa umeelekea kule kunakotakiwa, hakuna aliyeguswa. Lakini ukumbi ulinyamaza, ule ukimya niliokuwa nautaka, umekuja kwa njia mbaya.

Kocha alimfokea. Kidole mapema! Baba yake akamwambia afunge begi, wanaondoka. Mtoto analia, anasema hakubana, na mimi nimesimama na soda yangu mkononi, najua kila kitu, mdomo umegoma.

Msinihukumu haraka. Nilikuwa napiga hesabu: familia ikinikataa, lazima nipate nyingine haraka au nirudi nyumbani, na mama ameshawaambia majirani wote mtoto wake yuko Ulaya. Usiku niliwahi nikazirudisha zile skrubu? Hapana, hata hilo sikulifanya. Bunduki ilibaki imefungiwa klabuni na gramu zake 60, ikimsubiri mtu mwingine. Hilo ndilo lililokuwa linanikosesha usingizi.

Siku ya tatu binti akaniambia haendi tena klabu. Nikamuuliza kwa nini. Akajibu: "Mimi ni mtu wa hatari." Miaka 12, jamani.

Nikasubiri chakula cha jioni, nikaanza kusema. Kijerumani kikanikimbia katikati, nikawa nachanganya na mikono. Baba mwenyeji akaweka uma chini. Hakupandisha sauti. Aliniambia nilichokwisha kusema nimgeukie binti yake nikiseme upya, maana aliyekosewa ni yeye. Nikamgeukia. Hakunijibu, akaondoka mezani. Baba akapiga simu kwa kocha usiku uleule bunduki ile isiguswe.

Nilitegemea nifukuzwe klabu. Kocha akaniambia niende Jumatano, niende mapema. Alinikalisha mezani, bunduki haina risasi, akairudisha kwenye gramu 150 na ukuta wake. Akaniambia nifumbe macho, nibane taratibu, na niseme "sasa" pale ninapohisi inataka kufyatuka. Nikaweza. Akashusha hadi 120, nikaweza. Akashusha hadi 90, ikafyatuka kabla sijasema. Halafu akanipeleka nje, baridi ya Februari, dakika kumi bila glavu. Tuliporudi, hata ile 120 ilinitangulia. Kidole kikipata baridi hakina habari, na siku ya mashindano kinatetemeka pia. Akanionyesha wale wanaokimbia na ski kwenye theluji halafu wanalala chini kulenga mita 50, mapigo ya moyo yako juu: sheria yao ni gramu 500 kwenda juu. Na Marekani kuna mashindano ya bunduki za mtindo wa kijeshi ambapo triga lazima ibebe ratili 4.5, kama kilo 2 hivi, na watu wanapiga katikati vilevile.

Yule staa wa gramu 60 ana miaka mingi kwenye mchezo, kidole chake kinajua kazi. Bunduki ni yake peke yake, anaifungia mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeiga namba ya mtu, nikaiweka kwenye bunduki ya watu wawili.

Yangu ilikuja kutulia kwenye 130. Kwenye mashindano nilikuwa wa kumi na moja kati ya kumi na nne. Kawaida tu.

Binti alirudi baada ya wiki tano. Hakunisalimia mle ndani. Alichukua kamizani kutoka kabatini, akaninyang'anya bunduki niliyokuwa nimeishika, akapima triga mara tatu mbele yangu. Akaandika namba kwenye kikaratasi na kukibandika kwenye kitako. Tangu siku ile hadi mkataba wangu unaisha hakuacha kupima, kila Jumatano, hata nikiwa nimeshampimia mimi.