Kichwa cha bolti mfukoni mwangu

Dereva hakuendesha gari bila oili. Naanza na hilo kwa sababu mji mzima wa Baraka, kuanzia sokoni hadi ufukoni kwa wavuvi, uliambiwa kwamba aliendesha bila oili, na aliyelithibitisha neno hilo ni mimi.

Ufundi nilijifunzia ukimbizini, mkoani Kigoma, nje kidogo ya kambi ya Lugufu, kwa mzee mmoja Mtanzania. Niliporudi kwa meli mwaka 2007 nilikuwa na sanduku la spana na maneno ambayo wenzangu wa Baraka waliyacheka. Mimi nikisema klachi, wao wanasema ambrayaji. Mimi nikisema flaiwili, wao wanasema volani ya moteri, na ile "ya moteri" hawaiachi, maana volani tupu ni ile anayoishika dereva. Kitu ni kilekile: gurudumu zito la chuma lililofungwa mwisho wa krenki. Linatunza mzunguko wa injini katikati ya mlipuko mmoja na mwingine, na kwenye uso wake ndipo klachi inapokaba. Nguvu yote inayoitoa gari ziwani na kuipandisha milima ya Fizi inapita kwenye ule mduara mdogo wa bolti zinazolishika. Kwenye gari ninayoisimulia zilikuwa nane.

Yule mzee alinifundisha kusoma vichwa vya bolti kabla hajaniruhusu kushika spana kubwa. Alikuwa akizimwaga chini kwenye gunia, anachomoa moja, ananiuliza inasemaje. Namba ya kwanza kichwani, ile iliyotangulia nukta, ukiizidisha kwa kumi unapata, kwa makadirio ya fundi, kilo ambazo kila milimita ya mraba ya chuma hicho inazihimili kabla ya kukatika. Yenye 10.9 inahimili 100, yenye 8.8 inahimili 80. Namba ya pili inakuambia ni wapi chuma kinapoanza kuvutika kisirudi tena: tisa ya kumi kwa ile ya kwanza, yaani 90, nane ya kumi kwa ile ya pili, yaani 64. Kati ya 90 na 64 pana pengo kubwa, na mimi nililijua pengo hilo nikiwa na miaka kumi na saba.

Alinifundisha pia kwamba bolti ya flaiwili inafanya kazi kwa kuvutika. Ukiikaza inarefuka kidogo, kiasi ambacho jicho halioni, na kama mpira uliovutwa inataka kurudi. Kule kutaka kurudi ndiko kunakoligandamiza gurudumu kwenye krenki hadi vyuma viwili vinashikana kwa msuguano. Ndiyo maana nyuso zake husafishwa zikauka, na bolti hukazwa kwa kuvusha, hii kisha ya upande wa pili, kwa awamu, kwa spana ya kipimo na kwa namba ya kitabu cha injini ileile. Mkandamizo ukipungua, gurudumu linapata nafasi ya kucheza, hata kama ni ya unywele. Kuanzia hapo bolti hazivutiki tena bali zinapigwa, mara kulia mara kushoto, kila silinda inapolipuka.

Basi hayo yote niliyajua usiku ule wa mwaka 2014.

Gari ilikuwa pikapu ya dizeli, ya mfanyabiashara aliyepeleka vitenge, chumvi na sabuni Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu. Klachi ilikuwa inateleza, na sili ya nyuma ya krenki ilikuwa inavuja. Nikashusha giaboksi, nikafungua flaiwili, nikabadilisha sili. Bolti nane niliziweka kwenye kopo la maziwa. Jioni, wakati wa kurudisha, nikazihesabu sita.

Tulitafuta na yule kijana niliyekuwa namfundisha kazi. Tulipepeta mchanga kama watu wanaochagua mawe kwenye mchele. Kijana akasema labda zimefagiliwa. Ufagio nilikuwa nimeushika mimi mwenyewe mchana, na sikumwambia. Tajiri alikuwa amekwisha kupita mara mbili. "Fundi, kesho alfajiri, eh?" Nami nikamjibu: "Ndiyo, Papa, kesho alfajiri." Dawa ilikuwa kumwambia: Papa, nimepoteza bolti mbili, nipe siku mbili nitume mtu Uvira. Uvira si mbali, kilometa 90 hivi, japo barabara ile ya taifa namba 5 masika yakiishika inazifanya kuwa za siku nzima. Wala bei ya bolti mbili haikuwa kitu. Kilichonishinda ni kutamka neno "nimepoteza" mbele ya mtu aliyekuwa ananisifu kwa wenzake.

Kwenye boksi langu la mabaki nikapata mbili zenye unene uleule na meno yaleyale. Meno nayo yana siri yake: bolti ya milimita 10 ya kawaida ina hatua ya milimita 1.5, lakini Wajapani hupenda ile ya 1.25, na ukiilazimisha ya kwanza kwenye tundu la pili inaingia mizunguko michache halafu inaganda. Hizi zilipita vizuri kwa vidole. Nikafurahi kama mtu aliyeonyeshwa ishara kutoka juu. Zilikuwa ndefu kidogo, nikazisaga ncha. Vichwa vyake vilikuwa vinene, vingeweza kugusa springi za katikati ya diski ya klachi, nikavisaga navyo. Wakati wa kusaga niliiona namba kichwani, 8.8, nikaona jiwe la kusagia linaila, namba ikabaki nusu.

Spana yangu ya kipimo ilikuwa imeazimwa. Nikachukua ya kawaida, nikachomeka bomba kwenye mkono wake, nikazivuta zote nane kwa nguvu moja, kwa kusikiliza bega. Bega linasikia ugumu wa kuzungusha, na ugumu huo haukuonyeshi mvuto ulio ndani ya bolti. Kwa nguvu inayozifaa zile sita, hizi mbili huenda zilikwisha kupita 64 yao nikiwa bado nimeshika spana. Juu ya hayo mikono yangu ilikuwa na oili ya ile sili, na kwenye injini ile matundu ya bolti yanatokeza ndani kwenye oili, kwa hiyo meno hupakwa gamu ya kuziba. Tyubu yangu ilikuwa tupu. Nikasema itatosha.

Alfajiri gari iliondoka.

Baada ya siku kama kumi dereva alikuja peke yake. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka michache, na siku zote aliniita yaya, yaani kaka. Akasema: "Yaya, injini inagonga ikiwa imetulia. Nikikanyaga ambrayaji, sauti inabadilika." Sijui kama dereva mwingine yeyote amewahi kuniletea maelezo safi kiasi hicho. Flaiwili iliyolegea hugonga kama konrodi iliyokufa, na mafundi wengi wamefungua injini nzima kwa kudanganywa na mlio huo. Tofauti ni hiyo hiyo aliyoisema, kwamba mguu ukienda kwenye klachi mlio unageuka. Nilimwambia diski mpya inajizoeza. Akanishukuru, akaenda.

Gari ilizimika kwenye mwinuko wa kwenda Fizi, imejaa mzigo, kwenye tope, mahali ambapo dereva huachia klachi kidogokidogo na kuikanyaga tena. Nilipanda pikipiki nikamfuata. Tajiri alikuwa amefika kabla yangu. Nililala chini ya gari, nikafungua kifuniko kidogo cha chini ya nyumba ya klachi, na kitu kikaniangukia kifuani. Kichwa cha bolti, kimesagwa, kimebaki na nane moja na nusu ya nukta.

Nikakitia mfukoni.

Juu yangu tajiri alikuwa anamuuliza dereva mara ya mwisho aliangalia oili lini. Dereva akasema jana. Tajiri akaniinamia: "Fundi, ni bieli?" Bieli kwao ndiyo konrodi. Nikiwa bado mgongoni, uso wangu umefichwa na gari, nikasema: "Inaonekana hivyo, Papa. Oili ilikauka."

Palepale kwenye ule mwinuko, mbele ya abiria waliokaa juu ya mizigo, dereva alinyang'anywa ufunguo. Mshahara wake wa mwezi ukazuiwa. Gari tukaivuta hadi Baraka. Bolti mbili zilikatika, nyingine zikalegea na kupigwa hadi matundu ya flaiwili yakawa na umbo la yai, na mwisho wa krenki nao ukaharibika. Krenki kuukuu iliagizwa kutoka Bujumbura. Niliifunga, safari hii kwa bolti nane mpya za 10.9, kwa spana ya kipimo, kwa gamu, nyuso kavu, kazi safi kupita zote nilizowahi kufanya. Nikapokea pesa za ufundi, nikazihesabu mara mbili.

Dereva alirudi kuvua. Nilikuwa namwona ufukoni asubuhi mitumbwi ikitoka upande wa Ubwari, akipakua mikeke, nami nanunua kwa jirani yake. Hakuna aliyempa gari nyingine. Nani ampe gari mtu anayeendesha bila oili? Miaka mitatu ilipita hivyo. Kile kichwa cha bolti kilihama kutoka suruali hadi droo, kutoka droo hadi kopo la maziwa, lile lile. Ningependa kusema dhamiri ilinisukuma. Kilichonisukuma ni kwamba mwanafunzi wangu, sasa fundi kamili, alilifungua kopo lile akitafuta washa, akakigeuza kwenye mwanga, akakisoma. Hakuniuliza. Alikirudisha polepole, na kuanzia siku hiyo akawa anahesabu bolti zake kwa sauti.

Nilimkuta dereva anashona wavu. Nikakiweka juu ya wavu, nikaeleza. Alinisikiliza bila kuacha sindano. Kisha akauliza moja tu:

"Siku ile nilipokuja kukuambia inagonga, ulijua?"

"Nilijua."

"Basi twende kwa Papa. Useme kama ulivyosema hapa, na nikiwa nimesimama."

Tulikwenda. Tajiri hakupiga kelele. Alitoa daftari la duka, akaandika krenki, ufundi, siku ambazo gari ililala, na chini kabisa, bila mtu kumwambia, mshahara wa mwezi mmoja. Nilizilipa pesa hizo kwa miezi kumi na minne, ule mshahara kwanza.

Dereva leo ana Fuso ya mtu mwingine, inakwenda Lulimba. Tukipishana barabarani ananipigia honi. Klachi yake ikichoka, anaipeleka kwa mwanafunzi wangu.