Ziwa la Heroe katika Kisiwa Kikavu

Watu wengi wakisikia habari za visiwa vya bahari ya Karibi hudhani kuwa vyote ni nchi za mvua na majani mabichi. Bonaire sivyo. Kisiwa hiki kidogo, kilicho chini ya Uholanzi, hupata mvua ya kadiri ya milimita 500 tu kwa mwaka, na maji ya kunywa hutolewa baharini na kuondolewa chumvi kwa mitambo. Mkulima wa Ukambani angelitambua upesi shamba la huko: mtama kidogo, mbuzi wengi, na ardhi ya mawe. Ua wao tu ndio ungemshangaza, maana ni dungusi kakati zilizopandwa bega kwa bega, wala mbuzi hathubutu kupita. Chakula chao kiitwacho funchi ni ugali wetu hasa, ila wao huutia siagi.

Mwaka jana nalitumwa kwa mafunzo ya kazi katika kisiwa jirani cha Curaçao, na siku ya mapumziko nikapanda ndege ndogo kwenda Bonaire kulitazama ziwa liitwalo Goto. Nilikuwa na sababu. Mimi ni mzaliwa wa Nakuru. Nilipokuwa mtoto wa shule, ukingo wa ziwa letu ulionekana kwa mbali kama kanga ya waridi iliyoanikwa, kwa wingi wa heroe. Lakini tangu kama mwaka 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yamefurika. Maji ya Nakuru yalipungua chumvi, mwani wanaoula heroe ukawa haba, na wengi wao wakahamia maziwa mengine kama Bogoria.

Dereva wangu alikuwa mzee wa kijiji cha Rincon, kilicho njiani. Aliniambia kuwa wazee wake walikuwa watumwa kutoka Afrika, waliochimba chumvi kusini mwa kisiwa. Vibanda vyao vya mawe, vilivyojengwa yapata mwaka 1850, vingalipo. Mtu mzima hawezi kusimama wima ndani yake. Mwisho wa juma walitembea saa nyingi kuja Rincon kuonana na jamaa zao, wakarudi tena kazini. Uhuru wao uliwajia mwaka 1863. Mzee aliyasema hayo bila kupunguza mwendo wa gari.

Basi tukafika. Goto ilikuwa ghuba zamani, kisha mawimbi yakarundika mawe ya matumbawe mdomoni mwake hata ikafungwa. Maji ya bahari hupenya taratibu kati ya mawe hayo, na jua likizidi kuyakausha, yanakuwa na chumvi kupita bahari yenyewe. Samaki ni wachache mahali pa namna hiyo, lakini vijikamba vidogo mno na mabuu ya nzi husitawi, na hicho ndicho chakula cha heroe, ambacho pia huwapa rangi yao. Heroe wa huko ni wakubwa na wekundu kuliko hawa wadogo wa kwetu. Kimya cha mahali hapo ni kikubwa, hata nalisikia ndege wakisukutua maji kwa midomo yao iliyopinduliwa.

Nilihesabu 11.

Mzee akanionyesha upande wa pwani, ambako palijengwa matangi ya mafuta, karibu sana na ziwa. Mwezi wa Septemba mwaka 2010 radi ilipiga huko, moto ukawaka kwa siku kadhaa, na wazima moto wakamwaga povu jingi. Wataalamu wa Uholanzi walipoyapima maji ya Goto baadaye, walikuta dawa zilizokuwamo katika povu lile, na vile viumbe vidogo vilikuwa vimepungua. Heroe, waliokuwa mamia, karibu wote wakaondoka.

Nalimweleza habari za Nakuru. Akataka kujua kama na sisi tulikuwa na moto. Nikamjibu kuwa sisi tulizidiwa na maji. Alicheka kidogo, kwa kuwa katika kisiwa chake hakuna aliyepata kulalamika juu ya maji kuzidi. Kisha akaniuliza kama ndege wetu wameanza kurudi. Nikamwambia kuwa wapo wanaokuja na kuondoka. Akasema hata wao ni vivyo hivyo, na kwamba kila apitapo huwahesabu.

Tulikaa mpaka jua likakaribia kuchwa. Heroe 3 waliruka kuelekea kusini, penye mashimo ya chumvi, na mzee akasema kwa sauti ndogo, "Wanane."