Rafiki Katika Nyumba ya Mizinga

Wareno waliipa ngome yao ya Mombasa jina la Yesu, kisha wakaizungushia mizinga. Kwa mtu aliyelelewa katika Kanisa la Marafiki kule Maragoli, kama mimi, hilo ni jambo la kumsimamisha langoni. Sisi ndio wale ambao Waingereza wa karne ya 17 waliwapachika jina la Quaker. Kuapa hatuapi, silaha hatushiki, na tangu utotoni tunaambiwa kwamba ndani ya kila mtu mna kitu cha Mungu, adui naye akiwemo. Sasa hapa unakata tiketi na kupita chini ya ukuta ambao kazi yake ilikuwa moja tu: kumlenga adui huyo kabla hajakulenga.

Naipenda ngome hii hata hivyo. Nenda asubuhi, kabla mabasi ya wanafunzi hayajashusha watu. Jua likiwa bado chini, ukuta wa mawe ya matumbawe huwa na rangi ya papai bivu, na upepo wa bahari unapita katika tundu za mizinga bila kizuizi. Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyewachorea Wareno ngome zao za mashariki, aliichora hii kwa umbo ambalo wengi huona ni mtu aliyelala chali. Ikajengwa kati ya 1593 na 1596. Ndani kuna mabaki ya kanisa, nyumba ya Waomani iliyopandishwa juu ya buruji la San Felipe, mifupa ya nyangumi ambayo watoto hawaondoki mbele yake, na vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyozama papa hapa 1697. Ukisimama upande wa bahari unaiona Nyali ng'ambo ya mlango, karibu kiasi cha kukudanganya kwamba ukiita utaitikiwa.

Vibao vya makumbusho vinasimulia zaidi habari za makapteni na masultani. Mimi nilikwenda kwa ajili ya watu wengine. Jeshi la Imamu wa Oman liliizingira ngome hii kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698. Risasi ziliua kidogo. Maradhi na njaa ndivyo vilivyoua sana. Kufikia mwisho wa Agosti 1697 kapteni wa Kireno alikuwa amekufa, na waliobaki kulinda kuta walikuwa Bwana Daud wa Faza na jamaa zake, wanaume Waafrika wachache, na wanawake Waafrika wapatao hamsini. Hao ndio walioishika ngome kwa majuma kadhaa mpaka msaada ulipofika kwa bahari mwezi wa Septemba. Majina ya wanawake wale hayakuandikwa. Lakini ngome iliyojaa wagonjwa haiwezi kusimama kwa baruti peke yake: lazima kuna aliyeteka maji, aliyegawa nafaka, aliyemgeuza mgonjwa ubavu, aliyefukia maiti. Najua Bwana Daud alikuwa upande wa Wareno, na siku hizi wengi wangependa awe upande mwingine. Sina ugomvi naye. Nikizunguka ndani ya kuta hizi nawawaza wale wanawake hamsini, na naona wangestahili kibao chao, hata kiwe kidogo.

Kuta zenyewe hazikumlinda mtu kwa muda mrefu. Vitabu vya historia huhesabu mara tisa ngome ilipotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Mwaka 1631 Yusuf bin Hassan, mfalme wa Mombasa aliyebatizwa na Wareno kwa jina la Dom Jerónimo, aliingia akamuua kapteni. Wamazrui walitawala humu karibu karne nzima, na makaburi yao yako hatua chache tu kutoka langoni. Januari 1875 akida Muhammad bin Abdallah alipoasi, manowari za Waingereza zikaipiga mizinga.

Halafu ikawa gereza, kuanzia 1895 hadi 1958. Marafiki tuna kisa kirefu na magereza. George Fox, aliyeanzisha mwendo wetu, alifungwa mara nyingi, na mwaka 1665 akatiwa katika ngome ya Scarborough, nayo iko juu ya jabali linalotazama bahari kama hii. Mvua ikimwingilia chumbani, nguo zikishinda mbichi. Waumini wenzake walikuwa wengi mno jela hata London ikabidi kiundwe kikao maalumu katika miaka ya 1670, kazi yake kuandika nani kafungwa wapi, nani kanyang'anywa ng'ombe, na familia ya nani haina chakula. Kikao hicho walikiita cha Mateso. Katika desturi hiyo akatokea mtu kama Elizabeth Fry, aliyeingia gereza la Newgate 1813 na kukuta wanawake na watoto wao wamelala chini bila matandiko; alirudi na nguo, baadaye akafungua shule mle mle ndani.

Nikiwakumbuka Marafiki hao, nawaza pia Wamarekani watatu walioshuka Mombasa mwaka 1902: Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole. Walikuwa Marafiki. Walipanda treni mpaka Kisumu, reli ikiwa haijatimiza mwaka tangu ifike ziwani, na tarehe 17 Agosti wakafika Kaimosi, penye mto na msitu. Huko kukaota mashine ya kupasua mbao, shule, hospitali, na hatimaye moja ya jumuiya kubwa kabisa za Marafiki duniani. Bibi zetu wakaacha pombe, wakajifunza nyimbo. Marafiki wa Uingereza huabudu kimya, mtu akisimama kusema pale tu anapohisi kusukumwa. Hawa wa Marekani walikuja na mahubiri na nyimbo, ndiyo maana Marafiki wa Vihiga na Bungoma hawajui kunyamaza. Nashuku, hata hivyo, kwamba siku ile waliposhuka hapa waliharakishwa kwenda bara kama wageni wote. Walikuwa na mengi ya kuhubiri kuhusu ujirani, na mji uliokuwa ukiuishi ujirani huo waliupita njiani.

Ukitoka ngomeni shika Ndia Kuu, uache miguu iamue. Huu ndio Mji wa Kale: milango ya nakshi, roshani za mbao, paka waliokonda wenye kiburi, harufu ya iliki na ya samaki zikipokezana kila kona. Msikiti wa Mandhry, unaosemekana kuwa wa 1570, umesimama na mnara wake mnene unaochongoka juu, na kisima chake karibu. Teremka Bandari ya Zamani uone majahazi yaliyobaki. Kula mahamri na mbaazi ungali na njaa ya kweli, maana baadaye utapewa na viazi karai, na kukataa ni vigumu.

Kwenye baraza moja nilimwamkia mzee aliyekuwa akinywa kahawa chungu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kitako. Watoka wapi?"

Nikamwambia Maragoli, na dini yangu ni Marafiki. Akataka kujua ni Wakristo gani hao. Nikamweleza kwamba hatuli kiapo hata mahakamani, na kikaoni hatupigi kura: tunazungumza mpaka karani aone watu wamekuwa na nia moja, ndipo aandike. Wasipokuwa na nia moja, jambo linalala hadi kikao kingine.

"Basi nyinyi ni watu wa baraza," akasema, akamwita muuza kahawa aniletee kikombe.

Sikuwahi kusikia mtu akitueleza vizuri zaidi. Baraza ni benchi la mawe lililojengewa ukutani, nusu la mwenye nyumba na nusu la njia. Hapo ndipo mgonjwa anapojulikana bila kujitangaza, na kijana anayetafuta kazi anapotajwa mbele ya mwenye duka. Ramadhani sahani hutoka nyumba hii kwenda ile kabla ya magharibi, na sahani haipendezi kurudi tupu. Misikitini futari hutandikwa kwa yeyote mwenye swaumu, msafiri na mchukuzi wakikaa bega kwa bega na tajiri wa mtaa. Nyumba na maduka kadhaa ni wakfu: mtu alikufa zamani, lakini kodi ya mlango wake ingali inatunza msikiti au jamaa wasiojiweza.

Jambo lililonigusa zaidi ni mazishi. Mtu akifa alfajiri, mara nyingi adhuhuri au alasiri keshazikwa. Habari hutangazwa msikitini, majirani wanawake huingia jikoni bila kualikwa ili wafiwa wasiwaze chungu, na jeneza likipita njiani wanaume wanaacha walichoshika, wanaingiza bega kwa hatua chache, kisha wanampisha mwingine. Hata asiyemjua maiti. Sisi Waluhya wa Mombasa tuna yetu. Mchukuzi wa bandarini akifariki, tunaunda kamati, tunafungua kundi la WhatsApp, tunasoma majina ya waliotoa na ya walioahidi tu, na baada ya wiki mbili mwili unasafiri zaidi ya kilomita 800 kurudi Vihiga. Nimekaa katika kamati hizo na nimeona upendo mkubwa ndani yake. Hakuna aliyewahi kuachwa azikwe ugenini kwa kukosa nauli. Lakini pia nimeona wajane wakibaki na deni la jeneza la kifahari na mahema. Marafiki wa mwanzo walikataza hata mawe ya makaburi yenye mbwembwe. Mtu akiniuliza, nitasema kuhusu maziko Mji wa Kale umekaa karibu na Fox kuliko sisi wafuasi wake.

Picha hii isiwe tamu kupita kiasi. Ngome na majumba haya yalisimama pia kwa jasho la watumwa. Hata Marafiki walichelewa: azimio lao la kwanza la kupinga utumwa liliandikwa Germantown, Pennsylvania, mwaka 1688, na wenzao wakachukua miongo mingi kulikubali. Huku pwani walifika 1897, mwaka ambao hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba. Chini ya Theodore Burtt walianzisha shamba la karafuu la Banani, Pemba, ambako walioachwa huru wangefanya kazi kwa ujira. Mombasa sheria ilingoja mpaka 1907.

Lakini waliokuwa watumwa wenyewe walikuwa wameanza kazi ya ukombozi kabla ya hapo. Vuka daraja la Nyali kwa matatu, mwambie kondakta akushushe Kengeleni, uione kengele ya Frere Town, makao ya wamisionari wa Kianglikana yaliyoanzishwa 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi. Kisha endelea hadi Rabai, juu kwenye vilima. Huko alifanya kazi William Jones, Myao aliyekamatwa akiwa mtoto, akasomeshwa India, akarudi pwani kuwa mhudumu wa kanisa. Watoro kutoka mashamba walipokuja kwake aliwapa hifadhi, ingawa wakubwa wa misheni walikuwa wameahidi kwamba watoro hawatapokewa. Wakawa wengi mno kiasi kwamba tarehe 1 Januari 1889 kampuni ya Waingereza ilibidi iwalipe mabwana wao fidia na kugawa hati za uhuru zaidi ya 1,400. Rabai pana makumbusho ndani ya kanisa la zamani la misheni. Utaonyeshwa habari za wamisionari Krapf na Rebmann bila kuuliza. Za Jones uziulize wewe, tena uziulize kwanza.